UZI: Unanunua nyumba Uingereza? Solisita mtafute mwenyewe, na awe wa mji huo huo

BintiPangani (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Hili jambo limenikaa rohoni tangu Oktoba 2025 nilipokabidhiwa funguo, nikasema siku nikipata ofu mbili mfululizo nakuja kuliandika, maana hapa kila wiki naona mtu anauliza mogeji (mkopo wa nyumba), anauliza riba, anauliza dipoziti asilimia ngapi, ila wa kuuliza solisita, yaani mwanasheria wa karatasi za mauziano ya nyumba, simwoni. Na mimi solisita ndo aliyenikosesha nyumba ya kwanza, na solisita ndo aliyeniokolea ya pili.

Niko Barnsley, kaskazini ya England, nafanya kazi hospitali, zamu za usiku nyingi. Juni 2024 nilipata nyumba, ofa ikakubaliwa, na siku hiyo hiyo ejenti, dalali wa muuzaji, akanipigia akaniambia tuna solisita wetu, wanakwenda haraka, ukiwatumia wao muuzaji ataona uko siriasi. Bei £499. Mimi sijui kitu, nina haraka, nikasema haya. Sikujua kuwa ejenti hana haki ya kukulazimisha utumie solisita wake. Baadaye sana, kwenye karatasi zao, nikakuta sentensi moja kwamba wanamlipa ejenti hela kwa kuletewa mteja. Kisheria si kosa, mradi wakwambie, ila jiulize, aliyelipwa kwa kukupeleka kwa mtu amekupeleka kwa faida ya nani?

Kampuni yenyewe iko mbali huko, sikuwahi kuona sura ya mtu, kila kitu kwenye potali. Faili langu likapita mikononi mwa watu wanne. Yaani nampigia huyu, naambiwa ameacha kazi, nampigia yule, yuko likizo, wa tatu ananiuliza mambo ambayo nilishamjibu wa kwanza. Wiki ya tisa, wiki ya TISA ndugu zangu, ndo wananiuliza hela za dipoziti zimetoka wapi.

Sasa sisi wote humu tunajua hela zetu zinavyokusanywa. Mimi kulikuwa na akiba ya mshahara, hiyo haina neno. Kulikuwa na zamu yangu ya mchezo, tuko kina dada kumi na wawili, kila mwezi £250 mtu, zamu ikifika unashika £3,000. Na kulikuwa na hela mama aliyoniongezea alipouza kiwanja chake Kigamboni. Solisita wa huku sheria inambana, lazima ajue kila pauni imetoka wapi, mambo ya kuzuia hela chafu, hilo siwalaumu. Nawalaumu kwa kuniuliza wiki ya tisa, na kwa namna walivyouliza. Nikaeleza mchezo, dada wa upande wa pili akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza hao watu kumi na wawili ni kampuni gani. Kampuni gani! Nikamweleza kuwa ni watu wanaoaminiana, tumeanza tangu 2019, akasema atauliza kwa bosi wake. Zikapita wiki mbili.

Kabla hilo halijaisha likaja la mgodi. Barnsley yote hii imekaa juu ya migodi ya makaa ya mawe, kila mtu wa hapa anajua. Ukinunua nyumba huku kuna ripoti ya makaa ambayo lazima iombwe, inaonyesha kama kuna shimo la zamani la kuingilia mgodini ndani ya kiwanja chako au mita 20 kutoka mpakani. Wale waliiomba wiki ya kumi na moja. Ikarudi, shimo lipo, mita kumi na kitu nyuma ya ua. Aliyeshika faili hakujua afanye nini, akaitupia benki, benki ikakaa nayo, muuzaji akachoka akairudisha nyumba sokoni. Na England ndivyo ilivyo, mpaka pande mbili zibadilishane mikataba iliyosainiwa yeyote anaweza kuondoka, hakudai wala humdai. Sevei (ukaguzi wa nyumba) nililipia, sechi (zile ripoti anazoomba solisita) nililipia, £1,100 na ushee ikaenda na maji. Nililia kwenye gari, paking ya hospitali, saa moja asubuhi baada ya zamu.

Nyumba ya pili nikaipata Mei 2025. Safari hii dada mmoja wa wodini, mzaliwa wa hapa hapa, akaniambia usimguse solisita wa ejenti, nenda kwa yule mama mwenye ofisi juu ya duka la mikate. Nikapanda ngazi hata ofa sijaitoa bado. Mama wa makamo, miwani shingoni. Akaniketisha, akaniuliza la kwanza kabisa: hela zako zimetoka wapi, nianzie mwanzo. Nikamsimulia mchezo, huku naogopa. Akasema aah, wateja wangu Wapakistani wana kitu kama hicho, wanakiita committee. Niletee orodha ya wanachama, stetimenti zako zinazoonyesha £250 ikitoka kila mwezi, na barua ya mweka hazina. Kwa mama yako niletee mkataba wa mauziano wa kiwanja, uliotafsiriwa, kitambulisho chake, stetimenti ya benki yake, na barua kwamba hela ni zawadi, si mkopo, wala hadai sehemu ya nyumba. Yote hayo siku ya kwanza! Nilikuwa na wiki tano za kumsumbua mama atafute karatasi, badala ya siku tano.

Ripoti ya makaa akaiagiza wiki ya kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa nisikilizeni hapa. Kama mwezi hivi baadaye akaniita ofisini. Akatandaza ramani ya hati mezani, ile inayotoka HM Land Registry, ofisi ya serikali ya kusajili ardhi, karatasi moja tu, nyumba zote za mtaa zimechorwa kama viboksi vimepangwa mstari, na cha kwangu kimezungushiwa wino mwekundu. Akachukua penseli akaniambia fuata mstari mwekundu kwa kidole, ndani yake ndo unachonunua, nje yake hununui. Nikafuata. Mstari ukapita mbele, ukashuka ubavuni, ukakata nyuma sawasawa na ukuta wa jiko. Nikamwuliza, na ua? Ule ua niliotembezwa na ejenti, wenye kamba ya nguo na mapipa ya taka na kibanda cha baiskeli? Akasema ndo nilichokuitia.

Akanieleza kwamba nyumba za mtaa ule zilijengwa na kampuni ya mgodi kwa ajili ya wachimbaji, nyuma kulikuwa na uwanja mmoja wa wote, baadaye sana ndo ukakatwa vipande vikauzwa mbali mbali, kwa hiyo baadhi ya nyumba ua una hati yake peke yake, namba yake peke yake. Alishaona nyumba mbili mtaa huo huo zenye hadithi hiyo hiyo. Akamwandikia solisita wa muuzaji, kumbe kweli hati ya pili ipo, haikuwekwa kwenye mkataba, watu wamesahau tu. Ikaongezwa. Pamoja na haki ya kupita kwenye kile kichochoro cha nyuma kutoa mapipa.

Wale wa mbali wangeliona hilo? Labda. Ramani ni ile ile. Lakini wao hawakuwa na habari kuwa pale nyuma kuna ua wenye kamba ya nguo, kwa sababu solisita haji kuiona nyumba, anaona karatasi. Huyu mama anaufahamu mtaa, ndo maana karatasi ilimshtua.

Bei yake £1,050 bila VAT. Watu watasema ghali. Ila ile £499 nilipoihesabu mpaka mwisho, ada ya kushughulika na benki, ada ya zawadi ya mama, ada ya kuhakiki kitambulisho, ada ya kujaza fomu ya ushuru wa stempu (kodi anayolipa mnunuzi wa nyumba), ada ya kutuma hela, zote zilikuwa ukurasa wa tatu, na VAT yake juu, tofauti haikufika hata £150.

Karibuni, ulizeni, nitajibu nikitoka zamu.

---

Mzee wa Luton

Binti hongera sana kwa nyumba, Mungu akubarikie humo ndani. Lakini niweke sawa jambo moja. Mimi nimenunua mara mbili, mara zote nilitumia watu wa mtandaoni, si solisita hata, ni wale wenye leseni ya mauziano ya nyumba tu, wanasimamiwa na chombo chao kinaitwa CLC, na walinifanyia kazi safi, wiki kumi nimeingia. Na shemeji yangu alichukua wa mjini, ofisi ya mtu mmoja, mzee akaenda likizo wiki tatu hakuna wa kushika faili. Kwa hiyo ukaribu peke yake si dawa.

---

BintiPangani

Shikamoo mzee wangu. Nakubali kabisa, na hilo la likizo niliuliza. Nilimwuliza mambo machache tu siku ile ya kwanza: faili langu atalishika nani kwa jina, ukiwa haupo nani anapokea simu yangu, umeshafanya nyumba ngapi mtaa ule au wa jirani, na je uko kwenye orodha ya benki yangu. La mwisho hilo watu hawalijui, benki nyingi zina orodha ya masolisita wanaokubali kufanya nao kazi, kama wako hayumo itabidi wamweke wa kwao na wewe ndo ulipe. Akanijibu yote bila kuzunguka, na akaniita yule dada mwingine wa ofisini nimwone. Kama wako wa mtandaoni alikupa jina moja na simu moja mwanzo mpaka mwisho, basi ulipata mtu mwema. Mimi nilipata potali.

---

kijana_wa_Leeds

Dada huu uzi umenikuta pazuri, niko kwenye hatua hiyo hiyo. Sasa swali, nitajuaje kama solisita ni wa kweli na si tapeli? Na hizo bei, mbona wengine hawataki kusema mpaka uwape namba ya simu?

---

BintiPangani

Kaka, kila solisita yumo kwenye daftari la SRA, chombo kinachowasimamia, liko wazi mtandaoni, unaandika jina la ofisi linakuja. Chini ya tovuti yao utaona na nembo ya SRA ya kubonyeza. Ukiona na alama ya CQS, hiyo ni ya Law Society, chama cha masolisita, ina maana ofisi imepimwa kwa kazi ya nyumba hasa, si mtu wa talaka anayefanya nyumba Ijumaa. Kuhusu bei, tangu Desemba 2018 ofisi za SRA zinatakiwa kuweka bei za kazi hii kwenye tovuti. Asiyeweka nisingempa hata kitambulisho changu.

---

mamaNasra

Assalaam alaykum. Naongezea kwa wenzangu tusiotaka riba. Ukinunua kwa mpango wa benki ya Kiislamu karatasi zinakuwa nyingine kabisa, benki ndo inanunua, wewe unakaa kama mpangaji huku unalipia fungu lake kidogo kidogo mpaka limalizike, na hati inakaa kwa benki mpaka mwisho. Sasa solisita asiyewahi kuiona mikataba hiyo atakushangaa. Wa kwangu wa mwanzo aliniambia nitalipa ushuru wa stempu mara mbili, benki ikinunua na mimi nikinunua kwa benki. Wallahi nilitaka kuacha. Sheria ilirekebishwa tangu 2003, ushuru unalipwa mara moja tu! Nikahamia kwa mwengine, Leicester hapa hapa, kaka mmoja ambaye kazi hiyo anaifanya kila wiki, akanikalisha saa nzima ananisomea mkataba kifungu kwa kifungu na mimi nauliza. Muulizeni solisita mapema, umeshafanya mingapi ya namna hii.

---

Bukavu_Bolton

Asante sana mama na dada. Sisi watu ya Congo tunakosea fasi moja, tunatafuta avoka mwenye anasema luga yetu, hata kama anakaa London na nyumba iko Bolton, na mara ingine ni avoka wa makaratasi ya asile (ya kuomba ukimbizi), hajuwe mambo ya nyumba. Luga ni muzuri, lakini mimi nilibeba mutoto wangu mukubwa anitafsirie kwa ofisi ya hapa karibu, na ile siku ya kusinya nilielewa kila kitu.

---

Ras_Mbezi

Swali jamani, msinicheke. Mimi nina nyumba Mbezi, nimeijenga 2016, imepangishwa. Hapa England sina nyumba, napanga. Ejenti kanambia mimi ni mnunuzi wa mara ya kwanza kwa hiyo ushuru wa stempu silipi. Ni kweli?

---

Mzee wa Luton

Hakuna wa kukucheka mwanangu, hapo wengi wameumia. Si kweli. Mnunuzi wa mara ya kwanza ni mtu ambaye hajawahi kumiliki nyumba POPOTE DUNIANI, hata ya kurithi. Mbezi inahesabiwa. Na hatari nyingine ni hii, kama nyumba ya Mbezi thamani yake inafika £40,000 na bado ni yako siku unanunua ya hapa, unaingia kwenye nyongeza ya asilimia 5 ya nyumba ya ziada, iliyopandishwa tarehe 31 Oktoba 2024.

Tupige hesabu ya nyumba ya £165,000. Wa mara ya kwanza anatoa sifuri. Wa kawaida asiye na nyumba nyingine anatoa £800. Wewe na Mbezi yako ni £9,050. Na kama una mke, mnahesabiwa kitu kimoja, nyumba ikiwa ya jina lake ni vile vile. Kiwanja kitupu hakina shida, ni nyumba.

Ejenti asikudanganye na wewe usiifiche, maana fomu ile unasaini wewe, na inapelekwa ndani ya siku 14 baada ya kukamilisha ununuzi.

---

Ras_Mbezi

Aisee. £9,050. Nilikuwa nimeweka £2,000 ya dharura tu. Mzee umeniokoa, nasimamisha kila kitu mpaka niongee na mtu ana kwa ana.

---

Kilosa_Glasgow

Walio Scotland msifuate huu uzi neno kwa neno, sheria ya huku ni nyingine. Huku ofa yenyewe inaandikwa na solisita, kwa hiyo unamtafuta KABLA hujaanza kuzunguka kutazama nyumba, na lazima awe wa Scotland, wa England hawezi. Muuzaji analeta Home Report mapema, sevei imo ndani, na ushuru wetu unaitwa LBTT. Barua za masolisita wawili zikishakubaliana mmefungwa, hakuna kumkimbia mtu dakika ya mwisho kama huko kwenu.

---

Dereva_Reading

Naomba niseme hili kwa herufi kubwa: AKAUNTI YA BENKI. Siku mbili kabla ya kukamilisha niliingiwa na imeili, jina la solisita lile lile, nembo ile ile, inasema tumebadilisha akaunti tumia hii. Nilishaandika £31,000 kwenye simu, bado kubonyeza. Mke wangu akasema piga kwanza. Nikachukua ile karatasi ya mwanzo waliyonipa mkononi, nikapiga namba ya pale, si ya kwenye imeili. Solisita akasema hatujabadilisha kitu. Nilipotazama vizuri anwani ya imeili ilikuwa na herufi moja imezidi. Nikaendesha mpaka ofisini, wakaniandikia akaunti mbele yangu, nikatuma £1 kwanza, wakaniambia imefika, ndo nikatuma iliyobaki. Ofisi iko dakika kumi na tano kutoka kwangu. Ingekuwa mji mwingine sijui kama ningekwenda.

---

BintiPangani

Kaka Dereva umenisisimua mwili. Mama wa kwangu aliniandikia namba za akaunti kwenye kadi siku ya kwanza, akasema namba hizi hazibadiliki, ukipata imeili inayosema zimebadilika ujue si mimi. Bado ninayo kwenye pochi.

Na mnaonunua ghorofa ya lizihodi, yaani unaimiliki kwa mkataba wa miaka maalumu, hasa London, hapo solisita ndo kila kitu, miaka iliyobaki kwenye mkataba (ikishuka chini ya 80 kuongeza ni ghali), ada za kila mwaka, na ukuta wa nje wa jengo una nini. Mimi sikununua ghorofa kwa hiyo aliyepitia atueleze vizuri, afungue hata uzi wake.

---

kijana_wa_Leeds

Mrejesho. Leo mchana nimekwenda ofisi mbili hapa Harehills. Ya kwanza walinipa fomu nikajaze nyumbani, niliyemwuliza faili atashika nani akasema "timu yetu". Ya pili nimekaa na dada mmoja dakika arobaini, akafungua ramani ya mtaa kwenye kompyuta akaniuliza unajua nyumba hizi zimegusana mgongo kwa mgongo, ua wako uko wapi? Nikabaki namtazama, nikakumbuka stori ya dada Pangani. Kanipa jina lake, jina la msaidizi wake, na bei yote ukurasa mmoja, £1,120 na VAT. Ametaka stetimenti za miezi sita na karatasi za hela aliyonipa baba. Nimempigia mzee Tabora jioni hii, anasema mkataba wa ng'ombe aliouza uko kwenye sanduku, kesho anampa mdogo wangu aupige picha. Nikamwambia picha haitoshi, waupeleke wapige muhuri kabisa.